Kiambishi Hakipigwi Picha

Kalisti alikodi kamera Arusha, siku tano,
na nyumba tupu kule Rau
yenye mlango wa mninga ulioliwa na mchwa kwa chini.
Kazi yangu kushika ubao na kuhesabu betri.
Kitabu nilikuwa nacho mfukoni, jalada limechanika,
kazi ya Bi Ndealilia, mpiga taipu mstaafu wa ofisi ya kahawa,
ambaye hakuuza nakala zaidi ya sitini,
na nyingi zilirudishwa kibarazani kwake
zimefungwa kamba ya mgomba.

Ukurasa wa kwanza, sentensi ya kwanza:
*Umesimama.*
Basi.
Nani? Mlango umesimama. Mgomba umesimama,
ule uliooteshwa kichwani pa kaburi la babu.
Moshi umesimama, wa jikoni, si mji,
siku isiyo na upepo.
Mlima umesimama, huo hauna habari na mtu.
Na wewe, msomaji, umesimama,
kwa kuwa Kiswahili kimewapa nyote tundu moja la kuingilia:
*u*.

Kurasa mia mbili na kumi na nne,
neno *wewe* halimo.
Nimepita na kalamu nyekundu: hakuna *uliye*, hakuna *ulio*,
pale kwenye kiungo ambapo lugha ingelazimika kukiri.
Bibi yule alipavuka kila mara kwa kunyata,
kama mtu anayeruka mfongo gizani na ndoo kichwani.
*Umesikia mtoto akilia. Umesogea. Umeinama juu ya kitanda.*
Nilimsomea Kalisti.
Akasema, sawa, sasa nani ainame?

Jumatatu tulichoma tairi.
Moshi ukaingia chumbani kama ulivyoamriwa,
ukawa moshi tu. Ndeshi akakohoa, jirani akaja na matusi.
Jumanne tukamvika kijana wa Pasua majani makavu ya mgomba;
mlinzi, Mzee Lasway, akacheka mpaka akavua kofia.
Jumatano kamera ikawa macho ya msomaji,
ikatembea, ikainama juu ya kitanda.
Lakini hapo ni wewe peke yako. Mlango uko nyuma,
umetakaswa, hauna kesi.
Alhamisi mvua, kutwa. Tukala mtori, tukagombana.
Kalisti alisema kitabu kina kasoro.
Nikasema kina kiambishi.
Kamera sharti ichague:
ikionyesha mlango, wewe umetoka,
ikikuonyesha wewe, mlango umetoka.
Bi Ndealilia hakuchagua. Alitufungia wote ndani ya herufi moja,
akazima taa.

Ijumaa tukaielekeza kamera mlangoni
dakika tisa, bila mtu, bila muziki.
Usiku ulipoingia tukaitazama Korongoni, nyuma ya duka la simu.
Mlango. Mchwa. Mwanga wa alasiri ukihama polepole.
"Haitishi," Ndeshi alisema,
na kweli haikutisha.
Kalisti akaifuta. Mwakani, alisema, atapiga harusi,
harusi zina pesa.

Nilifika nyumbani Kiboriloni saa mbili.
Nikala kiporo, nikatia komeo, nikalala
na kitabu chini ya godoro, sijui kwa nini chini.
Saa saba kasoro, mama,
ambaye hajasoma hata mstari wake mmoja,
aliuliza kutoka chumba cha pili,
kwa sauti ya mtu aliyesikia kitu kikitua:

"Umeingia?"

"Ndiyo, mama," nikajibu kwa mazoea.

Akashusha pumzi, akageukia ukutani.
Nami nikabaki nahesabu
saa tatu, saa nne, saa tano, saa sita,
tangu nilipoingia mimi.