Saba Waliojikunja

Karani wa Posta ya Tororo alikishika kiboksi sikioni, akakitikisa.
"Kuna nini humu?"
Wadudu, nikamwambia.
"Wazima?"
Wamekufa zamani kidogo, nikasema,
kabla ya jabali hili kusimama hapo dirishani,
kabla ya nyasi, kabla ya ndege wa kwanza kujaribu bawa.
Akaandika kwenye fomu: mawe, saba, bila thamani.
Akanitoza elfu nane.

Lahsen wa Alnif alikuwa amewaviringisha
katika gazeti la kwao, kurasa za mpira na za vifo,
mmoja mmoja, kama anayefunga mayai ya safari.
Mimi nilimtumia sumaku nyeusi ya Sukulu,
jiwe linalokamata sindano,
maana huku kwetu trilobaiti hawapo.
Nimetafuta. Miaka kumi na mmoja nimegonga nyundo
nyuma ya kiwanda cha saruji, nikirudi na nywele za bibi kizee.
Chokaa yetu ilitoka motoni, bahari haikuijua,
haina hata konokono mmoja wa kuonyesha wageni.

Mdogo wao ni sawa na njugumawe. Mkubwa ni ndimu.
Kichwa kimeshuka, mkia umepanda,
vikakutana mbele, ukingo juu ya ukingo,
chungu na kifuniko chake. Miguu imebaki ndani.
Macho tu ndiyo yako nje,
yamepangwa punje punje kama mahindi kwenye gunzi,
na kila punje ilikuwa jiwe tangu yu hai.
Kwa mawe aliutazama mporomoko wa tope.

Hila ile ilimwokoa mara ngapi, sijui.
Siku hiyo haikumwokoa.
Ilimhifadhi.

Kidato cha pili, kipindi cha alasiri, matumbo yamejaa posho.
"Jongoo!" akasema Nyafwono.
Opendi hakungoja: "Mtupe jongoo na mti wake!"
Wakacheka. Nikasema huyu hakutupwa na mtu,
mti wake ulikuwa bahari, na bahari ndiyo iliyoondoka.
Opendi akamlamba kuona kama chumvi imebaki.
Kisha sauti kutoka nyuma, sikumwona mwenyewe:
"Mwalimu, alikuwa akiogopa nini?"

Nikataja tope. Nikataja wawindaji wenye minyiri.
Sikulitaja ghala la mtama la babu,
mwaka ule wa risasi, mimi wa miaka sita,
magoti kidevuni, mikono juu ya magoti,
wala jinsi mama alivyonitoa kesho yake kama mzigo,
akanisugua mafuta ya simsim hadi jua kutua
ndipo mguu mmoja ukakubali kunyooka.

Saba wakazunguka madawati.
Wakarudi sita.
Ningeweza kufunga mlango, kupekua mifuko.
Nilifuta ubao.

(Siku hizi Nyafwono hutembea mkono mmoja mfukoni.)

Nao sita hawakukaa. Mmoja nilimpeleka Soroti,
kwa watoto wanaosoma kwa vidole;
msichana alimzungusha kiganjani muda mrefu
akatafuta pale kichwa kinapogusa mkia,
akajaribu kuingiza ukucha, taratibu,
kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
Nikarudi bila kumdai.

Nilimwandikia Lahsen nikaungama: wamepungua.
Akajibu, "Bi Nyaketcho, tuma sumaku nyingine,
wanangu wamepigana kwa ajili ya ile."

Jumatatu nikapeleka kifurushi chake Posta.
Feni ilikuwa inamnyang'anya karani fomu zake,
anazikandamiza kwa kiwiko huku akitafuta muhuri.
Nikatoa ile ndimu mfukoni, nikaiweka juu ya karatasi.
Zikatulia.
Akainama, akatazamana nayo jicho kwa jicho.
"Na huyu," akauliza, kalamu mkononi, "niandike thamani gani?"
Andika ileile, nikasema.
Nikaenda zangu kununua gundi.