Hadi Kwenye Kiwiko

Basi liliondoka saa mbili kasorobo,
mvua ya Manchester ikiwa haijaamua
kama ni mvua au ni jasho la majengo.
Kiti namba kumi na saba, dirishani.
Pauni arobaini na tisa, chakula juu yako:
nilizidunduliza kwenye kopo la kahawa tangu Februari,
bahashishi juu ya bahashishi.

Gwenda, kiongozi wetu, koti la njano,
alituhesabu kwa kidole.
Nikafumba macho.
Bibi yangu, kule Korogwe, hakuhesabu wajukuu,
aliwaita majina jioni,
na asiyeitika ndiye aliyepungua.
Watu si mafungu ya nyanya, alisema.
Arobaini na mmoja, akasema Gwenda, tumetimia.

Bowness tulipewa saa moja na nusu.
Mabatamaji walitembea gatini kama wenye nyumba
wanaosubiri kodi.
Nilinunua aiskrimu ya tangawizi,
upepo ukala nusu yake.
Mume na mke wa Kichina, wa kiti cha nyuma yangu,
wakanipa simu niwapige picha na ziwa.
Nikawakata vichwa. Nikarudia.
Mke akacheka, akafungua kopo,
akanipa yai lililochemshwa na majani ya chai,
lenye nyufa kama ramani.
"Fai," akasema, akimwonyesha mumewe,
nami nikasema langu, akalitafuna vizuri.

Ambleside, nyumba za mawe ya kijivu,
wazee wenye fimbo mbilimbili
na hakuna hata mmoja anayechechemea.
Viatu vya kupandia mlima vinauzwa bei ya mbuzi wawili.
Nilivijaribu. Nikavirudisha. Nikashukuru.

Kisha njia ikapanda kaskazini, miti ikabana,
Gwenda akashika kipaza sauti:
Kushoto kwenu, Thirlmere.
Hakuna boti. Hakuna aiskrimu.
Misonobari imeshuka hadi ukingoni, kimya.
Hili, akasema, ni tangi lenu, watu wa mjini.
Zaidi ya miaka mia iliyopita waliliinua,
likafunika vitongoji viwili,
wakalaza njia ya maji hadi Manchester,
bila pampu, mteremko tu,
mdogo hivi kwamba mpira ungesita.
Maji hutembea siku nzima na ziada ndipo yafike.

Watu wakapiga picha mbili tatu,
wakarudia biskuti zao.
Mimi nikatazama mikono yangu.

Miaka minne naosha vyombo Rusholme:
masufuria ya biriani, masinia,
vijiko vinavyozaana ndani ya povu.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema.
Haya nayafika kila usiku, hadi kwenye kiwiko,
na sura yake sikuwa naijua.
Nikacheka peke yangu pale dirishani:
pauni arobaini na tisa
kumfuata mgeni anayekuja kwangu kwa miguu!

Tuliposimama nikamwuliza Gwenda,
waliokuwa wakikaa humo chini, kina nani?
Alikuwa mwema. Alipekua karatasi zake zote, mbele na nyuma.
Hazikuwa na majina.
Zilikuwa na lita.

Saa ya kurudi, kidole tena.
Arobaini.
Tena. Arobaini.
Dereva akatazama saa, Gwenda akatazama orodha,
na yule mama wa yai akasimama, mdomo umemkauka.
Nikashuka ngazi za basi,
nikaweka viganja mdomoni kama bibi yangu,
nikaita: Faai! Mzee Faaai!
Mlima ukalirudisha jina mara moja,
kisha akaitika, nyuma ya choo cha wageni,
suruali ikiwa na tope, mkononi kijiwe cheusi.

Jumatatu jioni nikafungua bomba.
Nikapiga hesabu kwa vidole vya sabuni:
yale niliyoyaona Jumamosi yamepita jana,
kuna mtu keshanawia miguu.
Haya ni mengine, hatujaonana.
Nikayawekea kiganja, baridi,
nikangoja yapate moto.