Mfasiri wa Kiboriloni

Alhamisi, saa tatu usiku,
betri ya lori chini ya meza,
antena juu ya mringaringa imeelekezwa Kenya.
"Geuza! Hapo! Aa, umepitiliza!"
Mtoto wa Mama Aikande anaganda kwenye tawi kama kinyonga
na sisi ndani tunatazama chenga,
tukingoja chenga ziwe watu.

Kundaeli, karani wa kiwanda cha kahawa,
ndiye pekee aliyejua Kiingereza,
au ndiye pekee aliyethubutu.

Usiku ule chombo kilitua katikati ya mahindi ya Wazungu.
Mlango ukafunguka polepole, moshi, mwanga,
akatoka kiumbe mwenye jicho moja na shingo ya mbuni.
Nikamshika dada yangu mkono; naye alikuwa ameshaushika wangu.
Kiumbe akasema maneno mawili,
sauti kama sufuria ikikwanguliwa.

Kundaeli akakohoa.
"Anauliza: nani amesogeza masale ya mjane?"

Ndewirwo alikuwa kiti cha mbele, kile chenye mto.
Akaweka kikombe chini.

Kiumbe akasema tena.
"Anasema yeye huko juu anaona kila kihamba.
Anasema ni hatua saba."

Halafu betri ikafa.
Tukarudi nyumbani gizani, hakuna aliyetaka kutangulia.

Asubuhi nikienda mfongoni kuchota maji
niliyakuta masale ya Ndeshukurwa kwenye mstari wake wa zamani,
yamelegea majani, udongo mbichi shinani.
Nikahesabu. Saba.

Juzi, huku Arusha, miaka thelathini na mitano imepita,
mwanangu kanionyesha sinema ileile kwenye simu.
Safi, haina chenga hata moja.
Kiumbe anatoka, shingo ile ile (kumbe ni bomba la plastiki),
anasema maneno yake mawili:
Naomba maji.
Wanaume wa shamba wanampiga risasi.
Anaanguka na kibuyu chake kitupu.

Nilitaka kumcheka Kundaeli, Mungu amrehemu.
Kicheko kikanikwama.
Sijui kama hakuelewa,
au alielewa vizuri sana
akachagua dhambi iliyokuwa karibu.

Tangu saa kumi na moja kuna mtu anagonga geti.
Nilishasema asifunguliwe, hatumjui.
Ameacha kugonga sasa, ila kivuli chake
bado kiko chini ya mlango.

Funguo niliziweka wapi?