Jibu la Tatu

Barua yako imefika saa tano usiku,
barua ya kulalamika kwamba barua hazifiki.
Umeandika kwa herufi kubwa:
SIKU YA TATU SIPOKEI KITU. NYINYI MNAFANYA KAZI GANI?

Mchana napima minofu ya sangara kiwandani,
gramu, barafu, gramu, barafu,
mpaka vidole visahau kuwa ni vyangu.
Usiku napanda Mabatini, vidato mia na kumi na vinne juu ya mawe,
nakalia ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani,
wadudu wa ziwa wakigonga kioo wakidhani ni mwezi.
Hapo ndipo ninapogeuka kuwa "nyinyi".

"Nyinyi" tuko watatu.
Kokushubila yuko Bukoba, anafundisha hesabu,
huishika programu Jumapili baada ya misa.
Wa tatu ni mtu wa Ufini, sura yake siijui;
tangu apate mtoto hajagusa mstari hata mmoja.
Nilimpa hongera. Simdai.
Hakuna ghorofa. Hakuna dirisha la malalamiko
wala dada wa mapokezi anayekula karanga.

Jibu la kwanza lilikuwa fupi: Ulilipa shilingi ngapi?
Nikalifuta.
La pili lilinuka ofisi: Tunathamini maoni yako.
Hilo nililionea haya zaidi.

Hili ni la tatu.

Vidato vya hapa kwetu vilijengwa kwa msaragambo,
nusu mfuko wa saruji kwa huyu, mchanga kwa yule,
mgongo kwa asiye na kitu.
Cha arobaini kimemeguka. Mama Ng'washi hukishuka alfajiri
na beseni la dagaa kichwani, na kila alfajiri hukilaani,
na Lushinge aliyekijenga yuko kaburini, hasikii.
Juzi nimemkuta amechuchumaa palepale,
saruji kwenye kifuniko cha ndoo, anaziba kwa kijiko cha ugali.
Alikuwa bado analaani.

Sikupi fumbo. Nakueleza nilichokiona.

Sasa fungua mipangilio, namba ya lango weka 993.
Ikikataa, nakili maneno mekundu yote,
usiyafupishe, usiyapambe, unitumie.
Siwezi kukuahidi siku. LUKU imebaki uniti mbili,
na zamu yangu inaanza saa kumi na mbili.

Ningekuwa nimelala.
Lakini chini kabisa, baada ya kelele zote,
uliandika kwa herufi ndogo, kama mtu aliyekwisha kaa chini:
binti yangu huniandikia kila alhamisi.

Huu ni usiku wa kuamkia Alhamisi.
Sijasema nitaweza.
Nimesogeza ndoo karibu na soketi.