Gunia Lililolala Mvuani

Muthiani, mwana wa kaka yangu, aliketi sakafuni
akanisomea maisha yangu kwa dakika na sekunde:
mbio kumi na tisa, miaka minane,
kutoka daftari la kurasa tisini na sita
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Aliziingiza zote kwenye kompyuta kwa kidole kimoja,
stima ikipotea Kayole, ikirudi, naye akianza upya.

Mimi ni mpimaji wa magunia pale Marikiti.
Nilimwambia: mwanangu, mizani haisemi uongo,
ila gunia lililolala mvuani
lina uzito ambao si wa viazi.

Hii ya Oktoba, saa moja na dakika hamsini na nane,
usiiamini. Nilikuwa na malaria
na ukaidi.
Na hii ya kasi kuliko zote, iliyokufanya upige mluzi,
kodi ilikuwa imenishinda miezi mitatu;
nilikimbia kama anayesikia mlango ukipigwa kufuli nyuma yake.
Na hapa penye pengo, mwaka mzima bila namba,
usijaze wastani.
Hapo nilimuuguza Syombua.

Hakubishana. Alifuta mbili, akaliacha pengo,
akapiga hesabu tena huku maharagwe yakitokota,
kisha akasema: saa moja, dakika arobaini na sita, sekunde ishirini.
Akanifunga kidude kiatuni, kidogo kama kifuniko cha soda,
kinachopima nguvu ya mguu kwa wati,
utadhani mimi ni balbu.
Usizidi mia mbili na kumi, Shangazi,
hata mlimani. Hasa mlimani.

Jumapili, Valley Road.
Mlima ule unajua kutukana.
Miaka yote nimeupanda kwa hasira,
nikifika juu na deni la kulipa Ngong Road nzima.
Safari hii saa ya mkononi inaninong'oneza mia mbili na nane,
mia mbili na kumi na tatu, shusha,
na vijana wa soksi ndefu wananipita,
na mzee mwenye fulana ya chama cha akiba na mikopo ananipita,
na mwanamke anayesukuma mtoto kwenye kigari,
Mungu wangu, ananipita.
Nikameza. Kiburi kina ladha ya sarafu.

Kilomita ya kumi na saba nilianza kuwaokota.
Soksi ndefu wameshika viuno kando ya barabara.
Mzee wa akiba na mikopo amekopa, amefilisika.
(Yule wa kigari sijamwona hadi leo.)
Mguu ulikuwa bado una kitu,
kama kibeti chenye noti uliyoisahau.

Karibu na Nyayo, penye kibanda cha kuchaji simu,
Syombua alikuwa akinisubiri na chungwa lililomenywa,
akinikemea: inua magoti, wee!
Hapo wati zikashuka hadi mia na sitini.
Sikuzishusha mimi.

Saa moja, arobaini na sita, na thelathini na moja.
Muthiani aliruka: tofauti ya sekunde kumi na moja tu!
Atazitafuta, alisema, huenda ni upepo,
huenda ni jua la saa mbili.

Nimeandika muda wangu ukurasa mpya.
Safu ya maelezo nimeiacha tupu.
Kesho saa kumi alfajiri nipo mizanini;
viazi vinatoka Kinangop,
na huko, wanasema, kunanyesha usiku kucha.