Nyanya za Kafubu

Mwezi wa saba, baridi ya alfajiri inauma vidole.
Mama Ngosa ananyweshea lengalenga kwa ndoo iliyotoboka:
nusu ya maji inafika,
nusu inalowesha kitenge chake.

Jua likishapanda tunapasua nyanya,
tunazianika juu ya bati, mbegu zikitazama mbinguni,
naye Kapya, miaka sita, anafukuza kuku kwa mwiko
huku mwenyewe akila.

Siku ya nne zimekunjamana kama masikio ya bibi.
Tunazishindilia kwenye makopo ya maziwa. Chumvi. Kifuniko.

Desemba, mvua ikitwanga bati lilelile,
nafungua kopo moja:
vumbi, jua, makelele ya kuku.
“Mama, nasikia harufu ya Julai.”

“Ni nyanya,” anasema. “Lete sufuria, bukari inapoa.”