Uzi Kati ya Majedwali

Asubuhi nilisahau kuvuta uzi,
kompyuta ikanimwagia utajiri wa ajabu:
wanawake sitini na wanne wa mwalo wa Igombe,
kila mmoja kaanika dagaa wa wote,
safu elfu hamsini na saba, na mia sita juu yake.
Mchanga wa Igombe usingetosha.

Mama Kwandu, mwekahazina, akashusha miwani.
"Hiyo mashine yako imelewa?"
Haikulewa. Haikuambiwa nani ni wa nani.
Ukiyaweka majedwali mawili chumba kimoja
bila kuyajulisha,
kila mtu humshika kila mtu mkono.

Nikaikamata Namba kwenye Wanachama,
nikaiburuta kwa kipanya hadi Namba kwenye Mizigo,
na uzi mweusi, mwembamba,
ukatulia katikati.

Nikauliza upya. Majibu yakashuka kwa adabu:
Milembe, ndoo kumi na nane.
Ng'walu, ishirini na tatu.
Minza, tisa, nusu yake imeloa mvua.
Chini kabisa: sitini na mmoja.

Mama Kwandu huhesabu kwa midomo.
Alihesabu mara mbili.
"Holo yuko wapi?"

Holo alijifungua Machi, hajashuka mwaloni.
Nyangeta yuko Bugando, mguu umening'inizwa.
Na Sayi,
namba yake niliiandika mimi, usiku, umeme ukiyumba,
herufi O mahali pa sifuri.
Jicho halioni tofauti. Mashine inaiona.
Tangu Januari ndoo zake thelathini na moja
zinapiga hodi kwenye mlango usio wake.

Kuna kuunganisha kunakoita tu
wenye jina huku na mzigo kule.
Ni kwepesi, ni kusafi, hakuna pengo,
na ndiko mashine hukuchagua usipoisemesha.
Hata sisi. Msibani tunawakumbuka waliokuja na sufuria.

Nikambadilishia Sayi ile O.
Nikaubofya uzi mara mbili, nikachagua la pili:
walete wote wa kushoto,
wawe na kitu kulia, wasiwe nacho.
Uzi ukaota mshale.

Sitini na wanne.
Mbele ya Holo, peupe.
Mbele ya Nyangeta, peupe.

"Jaza sifuri hapo, pasikae wazi."
Hapana, mama. Sifuri ni ndoo iliyokuja,
ikawekwa kwenye mizani, ikaonekana haina kitu.
Hii haijaja.

Akanyamaza. Dirishani wingu lilikuwa linatoka Ukerewe
na wanawake wameanza kukimbia na maturubai.
"Chapa hivyo hivyo, na matundu yake," alisema,
akifunga kanga kiunoni aende kusaidia.
"Gawio la Holo nitampelekea mwenyewe.
La Sayi peleka wewe.
Na hiyo O yako,
ukamweleze."